Nyumba Yenye X Imeingia Kitabuni

Benchi letu liko Manzese, limeegemea ukuta wa bluu wa Mama Editha, na huo ukuta una X nyekundu kubwa kuliko mlango. Waliochora ni watu wa barabara, wale wa serikali, na maana yake hata mtoto wa chekechea anaijua: hapa patavunjwa. Mie ndiye muuza kahawa wa hapa, wananiita Birika, na kwa kuwa kila anayekaa hapa anakunywa kwangu, ujinga wote wa mtaa huu unapita masikioni mwangu kwanza, ungali wa moto. Asubuhi hiyo Mama Editha alikuwa ameitwa kwa watu wa barabara akaeleze kwa nini nyumba yake iachwe. Yeye yuko ndani anajiandaa. Nje, kwenye benchi, Mehboob katandika gazeti, na juu ya gazeti kaweka vitabu vitatu vya picha za majumba ya kisasa, kila kimoja kikubwa kama trei ya mayai.

Mehboob ana duka la vioo na madirisha ya alumini ng'ambo ya mtaa, ndiyo maana tunamwita Kioo. Bintiye Ummehani kasomea uchoraji wa majengo, na vitabu ni vya bintiye. Kimoja ni cheusi, cha majumba ya nchi za baridi. Kimoja ni cha kijivu, cha Japani. Cha tatu ni cheupe, cha miji ya Afrika, na humo, ukurasa mzima, imo nyumba ya Mama Editha. Ukuta umo. Benchi limo. X imo.

Wazo la kukipeleka kitabu kwa ofisa wa barabara lilikuwa la Kioo. Sie kazi yetu ilikuwa kukipima kwanza na wenzake, tujue kama ni kitabu cha kumwekea mkubwa mezani au ni cha kumtia mama wa watu aibu.

Kioo: Anayetaka kufunua ukurasa anawe kwanza. Ummehani hajui kama nimevitoa ndani.

Kilo: Hakuna haja ya kufunua. Nipeni kama kilivyo.

Kilo jina lake Fakihi, ananunua chuma chakavu, na mzani wake wa kuning'iniza anatembea nao hata akienda msibani. Alikitia kila kitabu kwenye mfuko wa salfeti, akakining'iniza, akafumba jicho moja.

Kilo: Cheusi kinaongoza. Cheupe cha pili. Hiki cha Japani chepesi, kimejaa hewa.

Kioo: Fakihi, hivi ni vitabu, siyo rejeta.

Kilo: Braza, mkubwa ukimwekea kitu mezani, kwanza anasikia kishindo. Kusoma atasoma baadaye, na huenda asisome kabisa.

Kioo: Angalieni picha, jamani. Oneni hii ya kwenye cheusi. Kioo juu, kioo chini, kioo mpaka chooni. Hiki ndicho kitabu. Mtu aliyejenga hivi ana akili.

Mie nikauliza: Sasa anaoga saa ngapi huyo?

Kioo: Birika, hiyo iko msituni. Hakuna jirani.

Kilo: Mbona msitu wa Pugu umejaa watu wanaokata kuni? Mtu hawezi hata kujikuna kwake kwa amani.

Mie: Halafu mmeona kitu? Taa zinawaka nyumba nzima na hakuna mtu ndani. Kila picha hivyo hivyo. Umeme wa Luku wa hawa watu haununuliwi?

Kilo: Wamehama, wamesahau kuzima.

Mwenzetu wa nne alikuwa anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Huyo ni Mwalimu Ansbert, mstaafu, mtu wa Bukoba. Tunamwita Nukta kwa sababu akishamaliza hoja yake huitamka kabisa, kama bado yuko ubaoni.

Nukta: Mnanichosha. Kitabu cha majengo hakipimwi kwa kilo, wala kwa vioo. Kinapimwa kwa jambo moja: je, kinasema kweli juu ya hiyo nyumba? Nukta.

Kioo: Na sisi tutajuaje? Nani katika sisi kafika Japani?

Nukta: Ndiyo maana nasema tuanze na cheupe. Hapo ipo nyumba moja tunayoijua mpaka nyufa zake. Nipeni maji ninawe.

Tukampa maji. Akavaa miwani, akafungua ule ukurasa, akaanza kutusomea maelezo ya chini ya picha, anayageuza kutoka Kiingereza polepole.

Nukta: "Nondo zinazochomoza juu ya paa ni sala ya chuma inayoelekea mbinguni."

Kilo: Sala gani? Marehemu Wilbert, mumewe Mama Editha, alitaka kupandisha ghorofa, Mungu akamchukua.

Nukta: "Tundu lililoachwa makusudi ukutani linakaribisha upepo uzungumze na kivuli."

Mie: Makusudi wapi? Tofali ziliisha. Fundi kaziba na gunia mbele ya macho yangu, na gunia likaibwa.

Nukta: "Benchi tupu linatueleza upweke wa mtu wa mjini."

Hapo tulitazamana. Maana siku aliyokuja yule mpiga picha wa kitabu tulikuwepo wote. Ni kwamba tulimwona mtu kashika mashine ya miguu mitatu, analenga nyumba, tukajua ni mpima wa barabara kaja kuongeza X nyingine. Kilo ndiye alikuwa wa kwanza kukimbia. Mie nilikimbia na birika.

Kilo: Upweke umesababishwa na yeye mwenyewe.

Kioo: Endelea, mwalimu. Soma pa X.

Nukta: "Na juu ya bluu hii tulivu, msanii wa mtaani asiyejulikana amethubutu kuweka alama nyekundu, furaha tupu ya watu wasiojua mipaka. Bila alama hii nyumba ingekuwa nyumba tu. Kwa alama hii, imekuwa kazi ya sanaa."

Sie tulicheka mpaka mteja wangu mmoja akahama na kikombe. Kilo alicheka amekaa chini kabisa. Mwalimu peke yake hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

Nukta: Basi hukumu ni hii. Kitabu kibovu. Kama kwenye nyumba tunayoijua kimekosea sala, upepo, benchi na X, hizo nyingine tusizozijua ni nani atatudhaminia? Huenda hata Japani kuna watu wako vijiweni saa hizi wanacheka kama sie. Nukta.

Kioo: Mwalimu, punguza sauti. Mama Editha yupo dirishani hapo.

Nukta: Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Sijawahi kumpa mtoto alama kwa kumwonea huruma mama yake.

Kilo: Ndiyo maana wanafunzi wako wakikuona wanavuka barabara.

Kioo: Sasa ukisema kibovu, mama wa watu abebe nini? Nyumba nyingine zote hapa zimewekwa X, na wenyewe wataenda kusema yale yale: nina watoto, nimekaa miaka mingi, nionee huruma. Huyu peke yake ana kitabu.

Hapo kijiwe kikakolea. Nikamimina mzunguko mwingine, nikagawa na kashata.

Kilo: Sikilizeni. Nyumba ikishaingia kitabuni siyo ya mtaa tena, ni ya dunia. Kuivunja, lazima kwanza wavikusanye vitabu vyote duniani wachane huo ukurasa. Wataviweza?

Kioo: Hawawezi. Tena watalii watakuja. Mabasi ya mwendokasi yanapita hapo barabarani kila dakika. Watashushwa watu na kamera zao. Mie naweka kioo kikubwa mbele ya hiyo X, kizito, mvua isiifikie. Kazi ya kufunga nafanya bure.

Mie: Na kahawa?

Kioo: Kahawa utauza kwa bei ya hotelini.

Kusema kweli hapo na mie nilianza kuiona ile nyumba kwa jicho lingine.

Kilo: Bado hamjafika. Ishu siyo watalii, ishu ni yule jamaa aliyeshika brashi. Yule ofisa wa barabara aliyechora X. Kitabu kinamwitaje?

Nukta: Msanii asiyejulikana.

Kilo: Basi. Tangu azaliwe nani kamwita yule msanii? Nyumbani mkewe anamwita baba fulani, mtaani tunamwita majina siwezi kuyasema hapa. Leo mama anamfungulia kitabu: mwanangu, hii kazi yako imeonwa na dunia. Yule mtu atalia. Nani kawahi kuona mtu anavunja picha yake mwenyewe?

Kioo: Fakihi, kumbe una kichwa.

Kilo: Tena ataomba apige picha na ukuta. Atakuja na familia, Jumapili.

Tukamgeukia Mwalimu. Alikuwa kaurudia ule ukurasa, kidole kinatembea chini ya mstari.

Nukta: Ninaweza kumwandikia mama tafsiri. Siongezi uongo. Nitaruka tu baadhi ya sentensi.

Kioo: Zipi?

Nukta: Ya benchi. Ya tundu. Na ile ya sala, nondo nitaziacha bila kuzitaja.

Kilo: Mwalimu kampa mtu alama za huruma leo.

Nukta: Kunywa kahawa yako, Fakihi.

Mlango ukafunguliwa, Mama Editha akatoka. Alikuwa kavaa gauni lake la kanisani na mkoba begani, kajipaka mafuta usoni mpaka anang'aa. Tukasogea apate nafasi, hakukaa.

Mama Editha: Mmefikia wapi, wazee wangu?

Kioo: Kitabu chako kimeshinda, mama. Kimewashinda wenzake wote.

Mama Editha: Nimewasikia mnacheka.

Kilo: Ilikuwa furaha tu, mama.

Alikichukua kile cheupe bila kunawa, na Kioo akamwacha. Aliitazama ile picha kwa muda, kaishika kwa mikono miwili.

Mama Editha: Mwalimu, humu wameandika nani kaijenga?

Nukta: Wameandika mjenzi hajulikani.

Mama Editha: Anajulikana. Ni Wilbert. Tulikuwa tunachota maji ya zege sote wawili, mie na mimba ya Editha, yeye ananikataza na mie sikatazwi. Hiyo rangi ya bluu niliichagua mie. Yeye alitaka njano.

Mie iliniuma, nasema kweli, maana nimeegemea ule ukuta siku zote hizo na sijawahi kuuliza ni nani alichagua rangi.

Bajaji ikafunga breki mbele yetu. Dereva kijana mmoja, alisema anaitwa Brightson, mama kaagiza bajaji kwa simu ya kumpeleka huko ofisini, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Mtaa wetu alikuwa hajawahi kuufika, yeye kituo chake Kipawa, ila asubuhi hiyo alikuwa kaleta abiria mtaa wa jirani.

Brightson: Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

Tukaitikia. Nikampa kahawa, akainama na kikombe chake kuangalia picha, kisha akaangalia ukuta, kisha tena picha.

Brightson: Eh, ni hii hii. Wameipendea nini?

Kioo: Hiyo X. Kitabu kinasema bila X ingekuwa nyumba tu.

Brightson: Na mama anaenda kuomba nini huko?

Kilo: Waifute hiyo X.

Brightson: Sasa wakishaifuta, si itakuwa nyumba tu?

Aliuliza kwa heshima kabisa, hakuwa na nia mbaya, na alikuwa anasubiri ajibiwe. Kilo akaanza kukunja kamba ya mzani wake. Kioo akafuta vumbi kwenye kitabu cha Japani ambacho hakikuwa na vumbi. Mwalimu akaikunja ile tafsiri aliyokuwa keshaanza kuiandika, kabla haijafika nukta. Mie nilitikisa birika, ingawa nilijua bado lina kahawa.

Mama Editha ndiye aliyesogea kwanza. Alikifunga kitabu, akakibana kwapani, akapanda kwenye bajaji akakaa katikati ya kiti.

Mama Editha: Mehboob, wakiifuta, kitabu chako nakurudishia leo leo. Wasipoifuta, mwambie Ummehani anisamehe, hiki kinabaki kwangu. Sina picha nyingine ya hii nyumba.

Kioo akainuka. Alilichukua lile gazeti alilotandika kwenye benchi, akamfungia nalo kitabu vizuri kisiingie vumbi la njiani, akamrudishia mapajani.

Kioo: Nenda nacho, mama.