Chumba cha Kuchanganyia

Zimeni simu zenu mkae karibu, wanangu, maana pumzi niliyo nayo mchana huu inatosha kuyasema haya mara moja tu, sitaweza kuyarudia. Wewe mkubwa, kaa kwenye kiti, usisimame na hali uliyo nayo. Na wewe wa pili, mwache mdogo wenu achezee vifuniko vyake hapo mlangoni, hamsumbui mtu.

Watu waliniita Fundi Sura. Miaka ishirini na saba nimechanganya krimu za kung'arisha ngozi katika kile chumba cha nyuma chenye dirisha moja dogo, kwa ndoo, mwiko wa mti na mizani ya kupimia sukari: mafuta ya mgando, manukato ya waridi, na ule unga mweupe uliokuja kwenye makopo yasiyo na maandishi. Wiki ya pili mteja anarudi uso unang'aa kama sahani iliyooshwa, ananikumbatia, kesho analeta wenzake watatu. Nani angeacha? Sare zenu za shule zilitoka mle, na bati hili lililo juu ya vichwa vyetu lilitoka mle.

Unga ule ni zebaki. Wa kwanza kunitajia neno hilo hakuwa daktari, alikuwa mama yenu mdogo, mdogo wangu wa tumbo moja, tuliyechanganya naye tangu mwanzo. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka mpaka kutia uzi kwenye sindano kukamshinda. Alikwenda hospitali, akarudi akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaniambia, "Dada, tuache. Kitu hiki hakibaki juu ya ngozi. Kinaingia kwenye damu, na kwa mwenye mimba kinamfikia mtoto." Nami nilikuwa na mimba ya miezi minne, na nilijipaka asubuhi na jioni, maana mimi mwenyewe ndiye nilikuwa tangazo la biashara yangu. Nikamcheka. Nikamwambia, "Umeshajua kazi, sasa unanitisha ili ukafungue yako." Akavua aproni, akaiweka juu ya ndoo, akaondoka.

Mdogo wenu akazaliwa. Wewe mkubwa unakumbuka: alikaa akiwa na miaka miwili, akatembea akiwa na minne, na leo ana kumi na tisa na maneno yake ni machache kuliko ya mtoto wa mwaka wa pili. Watu walipouliza nikatafuta wa kubebeshwa, nikamtaja mama yenu mdogo. Nilisema ana kijicho, kwamba alilitazama tumbo langu kwa jicho baya. Niliwaambia majirani, nikamwambia baba yenu mpaka akaenda kumtukana mlangoni kwake, nikawaambia ninyi, mkakua mkimpita njiani bila salamu. Yote yalikuwa uongo, na nilijua ni uongo wakati nikiyasema. Nilidhani nikiungama nitapata nafuu. Sijaipata.

Figo zangu zimekwisha kwa kitu hicho hicho. Daktari aliniuliza najipaka nini, nikamdanganya mara mbili. Mara ya tatu akapima mkojo wangu, akarudi ananitazama kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua. Akanieleza polepole kwamba zebaki huhamia kwenye taulo, kwenye mito, kwenye mkono unaomlisha mtoto. Nikamuuliza kuhusu baba yenu, aliyekaa miaka mitatu hapati usingizi, fizi zinatoka damu, mikono inatetemeka, hadi akatuacha. Akasema hawezi kuapa, mtu ameshazikwa. Lakini baba yenu hakujipaka krimu hata siku moja, wanangu. Alilala tu kando yangu.

Na wewe wa pili, fundi bomba wangu, lile bomba la kutoka chumbani hadi mtaroni ndiyo kazi yako ya kwanza, nami nikakusifia mtaa mzima. Maji yote ya kuoshea ndoo yalipita humo, na mtaro unateremka hadi bwawa la mzee wa bustani, anakochota maji ya kumwagilia mboga tunazonunua. Nilimuuliza daktari kama mvua za miaka yote hii hazijalisafisha lile bwawa. Akasema zebaki haiozi. Inalala kwenye tope, vijidudu vya topeni vinaigeuza kuwa mbaya zaidi, samaki wadogo wanaikusanya, wakubwa wanawala wadogo, na wa mwisho kula ndiye anayeipata nyingi. Wewe huna kosa, ulifanya nilichokuagiza. Lakini nenda kwa mzee yule umwambie, hata akikufukuza kwa jembe. Mimi nilijaribu mwezi uliopita. Nilipofika kwenye uzio wake akaniona nilivyokonda, akanipa fungu la mboga bure, akaniambia nile nipate damu. Nikashindwa kusema. Nikarudi nalo.

Mle chumbani zimebaki ndoo saba na makopo mawili ya unga. Nilimwendea bwana afya, akaniambia, "Mama, mwaga chooni, nani atajua?" Wa dampo akasema nichome moto. Daktari akasema visimwagwe, visifukiwe, na kuchoma ndiyo hatari zaidi kwa sababu ya moshi; akapiga simu ofisi tatu mbele yangu, na kila ofisi ikamwelekeza kwa nyingine. Kwa hiyo hakuna pa kuvipeleka. Vaeni glavu, mvitie kwenye mapipa ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, mwandike juu ZEBAKI kwa rangi nyekundu, mkifunge chumba. Asilale mtu humo, asipangishwe mtu. Wenzenu huachiwa nyumba wakakaa au wakauza. Mimi nawaachia nyumba ya kulinda, mpaka itokee ofisi ya kukubali kuvipokea, na huenda ikatokea zama za wajukuu zenu. Sina la kuwafariji hapo.

Nipeni maji. Kidogo tu, daktari amenipimia.

Sasa wewe mkubwa. Juzi ulidhani nimelala, nikakusikia sebuleni ukimwambia mteja, "Vumilia kidogo, mama akishapumzika nitachanganya mwenyewe." Na leo uliponiinamia kuniwekea mto, nimesikia harufu ya waridi shingoni mwako. Una mimba ya miezi mitano, mwanangu. Sikuamrishi, nakuomba tu. Kanawe leo, na kesho ukapimwe. Unaangalia dirishani, unawawaza wateja. Naijua sura hiyo, ndiyo niliyokuwa nayo mbele ya mdogo wangu.

Mama yenu mdogo nilimpelekea ujumbe, nikaungama yote. Alijibu neno moja, "Nimesikia." Nimengoja siku tisa kama atasema lingine, hajasema. Akija mazikoni mpeni kiti cha mbele. Asipokuja, msimseme.

Mdogo wenu akae kwa kaka yake. Chakula chake kipoozwe kwanza, hajui kungoja. Asifungiwe ndani wageni wakija. Asifichwe.

Mimi mnioshe kwa maji matupu, bila manukato, bila kunipaka chochote. Na maji hayo ya kuniosha... sijui mtayamwaga wapi.

Nilitaka niwawekee mkono kichwani kila mmoja. Daktari anasema mkono ukishaoshwa hauna neno. Mimi bado siuamini. Basi pokeeni kwa masikio. Mungu awape kuzipenda sura alizowapa. Awape watoto wanaolia kwa nguvu siku ya kuzaliwa. Awape... 

Nani ananishika? Ni wewe, baba, kitinda mimba wangu, umeviacha vifuniko vyako. Msimtoe. Nilisema asinishike, lakini mwacheni. Ana joto.

Mkubwa, nenda bombani sasa. Fungua, unawe shingo, nikusikie. Mlango uache wazi.

Nimenyamaza nisikilize.

Sisikii maji, mwanangu.

Sisikii.