Cherehani Isiyo na Kitambaa

MUKANTWARI: Haloo? Ni nani? Namba hii siijui.

RAÏSSA: Ni mimi, mama. Simu yangu imezima, nimeazima ya rafiki yangu Uwineza. Asalamu alaikum.

MUKANTWARI: Waalaikum salamu, mwanangu. Bado uko Kimihurura kwa daktari?

RAÏSSA: Natoka sasa hivi. Majibu ya baba nimepewa. Mama, ni… (mtandao unakwaruza) …unanisikia?

MUKANTWARI: Nusu-nusu. Sema.

RAÏSSA: Hiyo kelele ni ya nini hapo?

MUKANTWARI: Baba yako. Iko kwa cherehani, anakanyaga. Kitambaa hakuna, uzi hakuna, mguu tu. Yoo, akili imeshakwenda, Raïssa. Ndiyo maana nimemwambia fundi mwenzake, Kagabo, aje aichukue leo.

RAÏSSA: Ulimwambia mbele ya baba?

MUKANTWARI: Ningemwambia wapi? Tangu tufunge duka la Muhima, kitanda, cherehani, jiko, vyote viko chumba hiki. Kwani anaelewa?

RAÏSSA: Anaelewa, mama.

MUKANTWARI: Oya, sha, haelewi. Mtu haongei, mikono imekufa, shingo haisimami—

RAÏSSA: Anaelewa yote. Nisikilize, salio ni dogo. Kichwani na kwenye uti wa mgongo kuna seli za neva, zile zinazoamrisha misuli. Seli ina mkia mrefu kama uzi, unashuka mpaka kidoleni. Amri inapita humo kama umeme mdogo.

MUKANTWARI: Umeme. Ndani ya mtu.

RAÏSSA: Ndiyo. Lakini uzi ukifika haugusi msuli, kuna nafasi ndogo sana katikati. Hapo seli inamwaga dawa kidogo, yake yenyewe, ivuke ng'ambo. Kama wewe na jirani Gahongayire mnavyopeana chumvi juu ya uzio. Nyumba hazigusani, chumvi inafika. Hata seli na seli zinazungumza hivyo hivyo.

MUKANTWARI: Na za baba yako?

RAÏSSA: Hizo za kuamrisha ndizo zinakufa. Za vidole zimekufa, za ulimi nazo. Msuli unangoja amri, haiji, unakonda. Lakini za kusikia ni nzima. Za kuhisi, nzima. Na akili yake daktari ameipima siku ile tulipompeleka, haijaguswa.

MUKANTWARI: (Cherehani inaendelea: tak-tak-tak.)

RAÏSSA: Mama?

MUKANTWARI: Macho yake hunifuata. Nikadhani ni njaa. Nikawa nampa uji.

RAÏSSA: Hukujua.

MUKANTWARI: Juzi nilikaa hapa na Gahongayire. Pembeni ya kitanda chake, Raïssa. Nikasema… nilikuwa nimechoka mimi. Nikasema Mungu amchukue tu, na mimi nipumzike.

RAÏSSA: (Mtandao unakwaruza.) Mama… alianza kukanyaga lini?

MUKANTWARI: Asubuhi. Kagabo alipoondoka tu, tukisha kuelewana.

RAÏSSA: Basi anakwambia usiitoe. Mguu bado unapata amri. Ndiyo sauti iliyobaki. Mwambie akanyage akitaka kusema ndiyo, anyamaze ikiwa ni hapana.

MUKANTWARI: Usumani. Acha kwanza. (Cherehani inasimama.) Ameacha. Raïssa, mwanangu, ameacha.

RAÏSSA: Muulize sasa.

MUKANTWARI: Usumani, ukanyage ikiwa ni ndiyo, unyamaze ikiwa ni hapana. Cherehani ibaki? (Tak-tak-tak-tak.) Ngoja, mtu mlangoni. — Kagabo, unisamehe, rudi nyumbani. Cherehani bado iko na kazi. — Raïssa. Na huo mguu? Nao utakwenda?

RAÏSSA: Haloo? Mama, mtandao—

MUKANTWARI: Mtandao iko sawa. Nakusikia unavyopumua.

RAÏSSA: Muulize mengi mapema, mama.

MUKANTWARI: Yoo, Usumani wangu.

RAÏSSA: Usilie, atakuona.

MUKANTWARI: Anione. Miezi yote hii nimejificha jikoni nikilia, kumbe mwenye kunifariji yuko hapa. Usumani, yale niliyomwambia Gahongayire. Uliyasikia? (Tak… tak… tak.) Aliyasikia.

RAÏSSA: Mama, salio linakwisha, Uwineza ananingoja, nita—

MUKANTWARI: Subiri, usikate. Usumani, una hasira na mimi? (Kimya.)

RAÏSSA: Mama?

MUKANTWARI: Amenyamaza.

RAÏSSA: Kunyamaza ni hapana, mama. Hana hasira.

MUKANTWARI: Ama ni mguu umechoka?

RAÏSSA: Uwineza, dakika moja tu.

MUKANTWARI: Raïssa, ni hapana, ama ni mguu?

RAÏSSA: Geuza swali, mama, muulize kama amekusa—

(Salio limekwisha.)