Fungu la Binti Yangu

Shikamooni mama zangu, na nyie wenzangu mliofiwa na waume. Leo nasimama mie, na sitawaficha kitu.

Mume wangu alikwenda ng'ambo kununua vitambaa. Wauaji wakalipua bomu sokoni, tukamzika hapa Ibra. Siku ya hitma, nyumba imejaa, nikasema kwa sauti: "Wote waliohusika nimewasamehe." Watu wakalia, wakanisifu. Na mie, wallahi, nikajiona.

Nilipotoka eda akanipigia wakili. Familia za waliokufa pale zinaishtaki benki moja kubwa ya huko. Ilipitisha fedha za wauaji, ikaonywa, ikaendelea kuzipitisha. Wakili anataka na sisi tuingie. Nikamwambia nimeshasamehe mbele za watu, siwezi kula maneno yangu. Nikakata simu.

Ndugu zangu, msamaha ule ulinitafuna. Sili nikashiba, na nikiulizwa hali nasema alhamdulillahi. Halafu binti yangu, ana miaka tisa, akaniuliza: "Mama, na mie nimewasamehe?"

Nikaendesha gari mpaka Nizwa, kwa shekhe mmoja anayeijua sheria ya mirathi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza marehemu kaacha nani. Nikamtajia, na binti nikamtaja.

"Basi wewe umesamehe fungu lako," akasema. "La mtoto si lako, hata ukiwa mamake. Atasema mwenyewe akibaleghe."

"Na benki?"

"Imekuomba msamaha?"

"Haijaniomba."

"Basi kwanza na iulizwe."

Nikampigia wakili mlangoni pa shekhe, viatu sijavaa. Nikatia saini kwa niaba ya binti. Mahakama ya kule ikanihoji kwa video, na wakili wa benki akaniuliza kwa upole: "Bibi, unasema benki ndiyo iliyotega bomu?" Nikamwambia, "Sijasema hivyo. Nasema mliambiwa fedha zile za nani, mkafumba macho." Sauti ilikaa sawa.

Benki iliomba kesi itupwe. Mwezi uliopita jaji akakataa. Hatujashinda bado, lakini benki itajibu.

Namshukuru shekhe, namshukuru wakili, na nyie mlionipikia nilipokuwa siwezi kushika mwiko. Na ninalowaachia ni hili: mtu asamehe kilicho chake, cha mwanawe akiweke.

Juzi binti kaniuliza tena lile swali lake. Nikamwambia, "Wewe bado hujasema, mwanangu. Nafasi yako nimekushikia." Akaitika, akarudi kwenye daftari lake.