Asubuhi Tisa Ambazo Si za Opereta

Ndugu waombolezaji, majirani, na wanakundi wa Tupo mliotoka karibu na mliotoka mbali, poleni kwa jua, viti havikutosha, na marehemu angefurahi kusikia hivyo kwa sababu alipenda watu wajae. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yetu, kinyozi kwa kazi, na wengi wenu vichwa vyenu vimepita mikononi mwangu, kwa hiyo mnajua kwamba mdomo wangu hauna breki. Kikao cha familia kimenipa kurasa mbili nizisome kama zilivyo, nami nitazisoma, ila kuna mahali nitaiweka karatasi chini, na nikifika hapo naomba msinikatize, maana nikikatizwa sitaweza kuanza tena.

Dada yetu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu, baba yetu akiwa karani wa barua na mama yetu mshonaji wa sare za shule. Alianza darasa la kwanza Januari 1962 na kumaliza sekondari mwaka 1973, ambako mwalimu wake wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto ana akili nzuri lakini anasikiliza sana mazungumzo yasiyomhusu, na baba alimchapa kwa maneno hayo bila kujua kwamba ndiyo yatakayomlisha.

Mwaka 1974 alisomea kazi ya kupokea na kuunganisha simu, na tarehe 1 Julai 1975 aliajiriwa kuwa opereta wa kiwanda cha nguo, katika chumba kidogo kilichokuwa chini ya ngazi, chenye kiti kimoja, feni moja iliyolalamika kuliko wafanyakazi, na ubao wa taa ndogondogo ambazo kila moja ilikuwa ni mtu anayesubiri kujibiwa. Alikaa hapo miaka thelathini na mitano, akipokea wanunuzi wa vitambaa, wake wanaotafuta waume zao siku ya mshahara, na waume waliomwomba aseme wametoka, naye hakusema. Ndipo alipopata jina la Opereta, ambalo tulimwita hata nyumbani. Alistaafu tarehe 31 Desemba 2010, kiwanda kilipoleta mashine inayojibu yenyewe, na siku ya kumuaga aliwaambia wakubwa zake kwamba mashine imekuja kupokea simu, sawa, lakini haitajua kama anayepiga analia.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na fundi umeme wa kiwanda hicho hicho, ambaye alikuwa amemfahamu kwa sauti tu mwaka mzima kabla ya kumwona, na alipomwona alisema sauti ilikuwa ndefu kuliko mwenyewe, shemeji akacheka, wakaoana. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1984, ambaye sasa ni mhandisi wa maji katika mji wa mbali, na ndiye huyu aliyekaa hapa mbele yenu. Shemeji alifariki tarehe 18 Novemba 2009, na tangu hapo dada aliishi peke yake.

Januari 2017 rafiki yake mkubwa, mpishi mstaafu wa kantini ya kiwanda, alikutwa amefariki nyumbani kwake baada ya siku nne, simu yake ikiwa na simu ishirini na tatu zisizopokelewa. Mbili kati ya hizo zilikuwa za dada, ambaye alipoona hapokelewi alijiambia labda amelala. Neno hilo lilimtesa. Mtu aliyejibu taa maisha yake yote, taa moja ikamponyoka, na tarehe 24 Februari 2017 alianzisha kundi la mtandaoni la watu wanaoishi peke yao, akaliita Tupo, wakiwa watu kumi na tisa, wenye sharti moja tu, kwamba kila asubuhi kabla ya saa moja kila mmoja aandike neno Nipo, na asiyeandika hadi saa mbili, mwanakundi wa karibu naye avae viatu aende kumgongea mlango.

Kundi lilikua likafika watu mia tatu na kumi na wawili, halafu likaanza kulegea, kama mnavyojua, ya kale hayanuki lakini huchosha, na kufikia katikati ya 2019 waliokuwa wakiandika hawakuzidi tisini, huku wagongaji wakichoka kutembea hadi kwa watu na kuwakuta wanakunywa chai. Mwalimu Hesabu, mstaafu anayetunza orodha ya kundi, ambaye namwona pale amekumbatia begi lake, alimwambia dada kwamba mcheza kwao hutunzwa, waaminifu wapewe kitu. Wakakubaliana kwamba asubuhi mia moja bila kukosa ni nyota moja mbele ya jina, na asubuhi elfu moja ni mtandio wa buluu ambao dada mwenyewe ataufuma kwa mkono na kuushonea nyota. Jamani, watu wazima wenye wajukuu walizigombea zile nyota kama watoto na pipi! Ndani ya miezi miwili waandikaji walifika mia mbili na themanini, na dada akawa anafuma hadi vidole vinakakamaa.

Lakini tarehe 11 Juni 2021, Fundi Redio, aliyebakiza asubuhi kumi na nne afikie mtandio wake, alianguka bafuni akavunjika nyonga, akalala pale sakafuni siku mbili, na siku zote mbili jina lake liliandika Nipo. Alikuwa amempa mpangaji wake namba ya siri ya akaunti yake ili amwandikie akisahau, asije akapoteza hesabu, na mpangaji, ambaye alikuwa safarini, aliandika kwa uaminifu kabisa. Mungu ni mwema, muuza maziwa alisikia akigonga bomba kwa sabuni, na leo Fundi yupo nasi na fimbo yake. Dada hakula vizuri wiki nzima. Alitaka kufuta nyota zote, kundi likachachamaa, wengine wakatishia kuhama, mwishowe wakaelewana kwamba hesabu za asubuhi zibaki kwa heshima tu, ila nyota na mtandio kuanzia siku hiyo apewe yule aliyekwenda kugonga mlango, na kwamba yeyote atakayemwandikia mwenzake Nipo atakuwa amemzika akiwa hai. Maneno hayo ni ya dada, niliyasoma mwenyewe, nikasema huyu naye anazidisha.

Sasa karatasi naiweka chini.

Karatasi inasema marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2023, akalazwa tarehe 3 Mei mwaka huu wa 2025 maji yakiwa yamejaa kwenye mapafu, akafariki tarehe 14. Ni kweli, lakini imeruka kitu. Jumatatu tarehe 5, mimi nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake wodini, aliandika Nipo yake kwa kidole kimoja, akanipa simu, akaniambia kwa pumzi fupifupi kwamba kesho hataweza, na kwamba nisije nikamwandikia, niache waone kimya, waje. Nikamjibu sawa, dada. Kesho yake aliwekewa oksijeni, hakushika simu tena, nami saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikaandika Nipo.

Nawaambia kwa nini, na sijitetei. Hesabu yake ilikuwa 2,993, zilibaki saba tu afike elfu tatu, ambazo hakuna mwanakundi aliyewahi kuzifikia, na alikuwa akinitania kwamba akifika atanifumia na mimi mtandio nifunike upara. Nikajiona namtunzia heshima yake mpaka apate nafuu. Na kuna jingine, kwamba kuacha pale pawe kimya kungekuwa ni kukiri, na mimi ni mwoga, mnaniona naongea hivi lakini ni mwoga. Tarehe 12 alifika elfu tatu. Kundi zima lilituma makofi na vigelegele vya sauti, na binti yake, ambaye ni mwanakundi kwa ajili ya mama yake, aliandika hongera mama, nikimaliza kazi tarehe 20 nakuja tusherehekee. Nilikuwa nimemwambia kwamba mama amelazwa apumzike kidogo, na kila asubuhi akisoma ile Nipo aliamini kwamba mama anapumzika kweli. Siku hiyo dada bado alikuwa akifumbua macho mchana, akitazama mlangoni kila unapofunguliwa, na aliyekuwa akiingia ni mimi au muuguzi.

Niliandika asubuhi tisa. Ya mwisho ni ya Jumatano tarehe 14, na saa kumi jioni na dakika arobaini akakata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Alhamisi sikuandika, na kabla ya saa tatu, watu kumi na mmoja walikuwa mlangoni kwa dada wanagonga, wengine na ndala, mmoja na povu la kunyolea shavuni, Fundi Redio na fimbo yake ngazi zote zile, nami nilipofika na funguo kuchukua nguo za kumvika nikawakuta. Mngekuja tarehe 6. Mngekuja hivyo hivyo, kumi na mmoja, majirani wangewaelekeza wodini, na angewaona. Mimi ndiye niliyefunga mlango.

Mwanangu, binti wa dada yangu, hukuchelewa, ulicheleweshwa, na aliyekuchelewesha ni mimi mjomba wako, nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote kwa sababu kukuomba jikoni peke yetu kungekuwa ni woga mwingine. Usinijibu leo.

Mwalimu Hesabu, kwenye begi hilo najua una mtandio wa heshima wa elfu tatu, alioufuma mwenyewe na kuficha kwako, uliotaka tumfunike nao. Usifanye hivyo, ndugu yangu. Futa tisa, uandike 2,993, na mtandio wapewe wale kumi na mmoja waliogonga, kwa sharti lake yeye, wataamua wenyewe namna ya kuutunza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyemchana nywele kila siku bila kuombwa, majirani waliotupa viti, maji na masufuria, wastaafu wenzake wa kiwanda, na wanakundi wote wa Tupo kwa miaka minane ya kumwitikia. Asanteni sana, na mliomkosea au aliowakosea, tusameheane hapa hapa.

Kesho, saa moja ikifika, mtaona jina lake halijaandika, na saa mbili pia, na wenye viatu miguuni watataka kuinuka. Kaeni. Sijaigusa simu yake, namba ya siri ameshakabidhiwa binti yake, na kimya hicho ni cha Opereta mwenyewe, ambacho aliniomba nami nikamnyima. Pumzika dada yangu, pumzika kwa amani.