Utepe Usubiri Bibi Liau

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni yetu, Bwana Fang Chi-yuan. Meneja wa tawi, Bi. Yen, wapeleka chakula mlioacha pikipiki zenu nje, wazee wetu mliokaa mbele, mabibi na mabwana:

UKARIBISHO

Sisi watunzi na wajaribu wa programu wa tawi la Chiayi tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumesikia ulipanda treni alfajiri kutoka Taipei bila kunywa hata maziwa ya soya. Wali wa bata mzinga uko tayari na hatutakuruhusu uondoke na njaa. Risala hii imeandikwa na wengi na inasomwa na mmoja, Hsu Wen-pin, kiongozi wa watunzi, asiyezoea kusoma mbele ya watu. Mvumilie. Utepe ule mwekundu wa kuzindua toleo jipya la programu yetu ni mzuri na mkasi umenolewa, lakini tunaomba utusikilize kwanza.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, programu yetu ina kazi moja: mzee anayeishi peke yake apate chakula cha mchana, na mlango wake ugongwe. Chakula kinashibisha tumbo, na kule kugongwa kwa mlango kunamwambia mtu kwamba bado anakumbukwa.

Zamani tulijenga kwanza, tukajaribu mwisho. Mjaribu wetu, Dada Tseng Pei-yun, alikaa chumba cha mwisho ukumbini, pamoja na miavuli iliyosahauliwa na wageni. Tukishamaliza kila kitu ndipo tulimpelekea kazi, tukamsimamia kichwani: "Dada, fanya haraka, Taipei wanangoja." Akigundua kosa tulinuna. Ukuta ulikuwa umeshapakwa rangi, naye anakuja kutuambia msingi una ufa!

Badala ya kujaribu mapema, tuliweka juu ya seva ile pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, kama wanavyofanya mafundi wote wa kisiwa hiki, ili mashine itulie na kutii. Hatujaacha kuiweka, na hatutaacha. Ila tuliitwisha mzigo usio wake.

Ukaja mwaka ambao mwezi wa sita wa kalenda ya wazee, ile ya mwezi mwandamo, ulirudiwa. Bibi Liau A-kim, yule pale mwenye blauzi ya buluu, hula mboga tupu kila tarehe mosi na kumi na tano ya kalenda hiyo, kwa nadhiri aliyoiweka yeye zamani, marehemu mumewe alipopona ugonjwa. Mashine haikuwa imefundishwa kwamba mwezi unaweza kurudi. Ilipofika mosi ya pili, ikaona mosi ya mwezi wa sita imeshapita, ikaandika: chakula kimeshafika. Hakuna pikipiki iliyotumwa. Hakuna aliyegonga.

Jirani alimkuta jioni ameketi kwenye kigoda nyuma ya mlango, amevaa vizuri, vijiti vya kulia mkononi.

"Bibi, mbona hukupiga simu?"

"Nimpigie nani nimsumbue? Nilijua kijana kachelewa tu. Halafu jua likazama, nikasema basi, wamenisahau."

Asubuhi yake, jambo la kwanza tulilofanya, mgeni rasmi, lilikuwa kuangalia kama pakiti ya kijani imepitwa na muda. Haikuwa imepitwa. Ndipo Pei-yun alipochukua mapera na kwenda kuomba radhi kwa niaba yetu. Yeye pia hakuwa ameliona kosa lile. Mwezi wa kurudiwa haukutupitia akilini sisi sote. Alirudi akasimama katikati ya ofisi, akasema, "Amenikaribisha chai. Amenipa pole mimi, eti nimechoka na safari." Akaanza kulia. Tulilia naye, wengine msalani.

TULIYOFANIKIWA

Siku ile tuliibeba meza yake, na miavuli ikabaki peke yake. Tukaiweka katikati yetu. Tangu hapo hatuandiki kitu kabla ya kukaa naye na kuulizana: hiki kitaharibikaje, na kikiharibika ni nani atakayeumia? Majaribio huandikwa kwanza, kazi hufuata. Kila mtu akiongeza kitu, hata kidogo, majaribio yote hujiendesha yenyewe, na taa ile ukutani huwa ya kijani au nyekundu. Kila jaribio tumelipa jina la mzee. Na kila Jumatano wazee wenyewe huja kutubonyezea simu kwa vidole gumba vyao, na kutusengenya tukiwa papo hapo.

Mwanzoni tulikosana. Wen-pin huyuhuyu alimwambia, "Dada, wewe mjaribu au mama mkwe?"

"Mama mkwe huonja mchuzi ukishafika mezani," Pei-yun akamjibu. "Mimi naonja ungali jikoni. Chumvi ikizidi, ni mimi na wewe tu tunaojua."

Tulicheka, na tangu siku ile tukazoea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi kuta tulishajenga za kutosha. Sasa tunaziba nyufa kila siku, tunakwenda nyumbani mapema, na watoto wetu wameanza kutuzoea. Mwezi ukirudi, chakula kinafika.

CHANGAMOTO

Changamoto ziko mbili. Ya kwanza unaifahamu, kwa kuwa ililetwa na barua ya ofisi yako: baada ya uzinduzi wa leo, kujaribu kutarudishwa mwisho na kupewa watu wa nje, na meza ya Pei-yun itaondolewa, pamoja naye.

Ya pili ni ya asubuhi hii. Kwa heshima yako tuliongeza ukurasa wa makaribisho wenye picha yako, unaofunguka kwanza kwenye simu ya kila mpeleka chakula. Tukauongeza tu, kwa furaha. Taa ikawa nyekundu. Lililoanguka ni jaribio la Bibi Liau: mzee asipofungua mlango, simu ya mpeleka chakula inapaswa kulia ili asiondoke. Picha yako, mgeni rasmi, ilikuwa imeufunika mlio huo. Tusamehe. Ni picha nzuri.

Tukaiondoa, na taa ikarudi kijani. Lakini kwetu, jaribio la mlango likishaanguka, hatutoi kitu mpaka wapeleka chakula wazunguke mitaani wakajaribu kwa mikono yao milango halisi, saa ya mchana. Mchana wa leo ni wa sherehe. Sote tulifikiri jambo moja, Wen-pin ndiye aliyelitamka: "Dada, tuache utepe ukatwe. Akishaondoka mgeni, tutajaribu."

Pei-yun anajua barua yako inasemaje. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, leo kuliko siku zote. Akasema, "Sawa. Wewe kamweleze Bibi Liau."

Bibi Liau alikuwa ameshafika, kakaa palepale. Akauliza, "Mnagombania nini? Wali haujaiva?"

Mmoja mmoja tukaenda kusimama nyuma ya meza ya Pei-yun, Bi. Yen akiwa wa tatu.

MAOMBI

Kwa hiyo, mgeni rasmi, kwa unyenyekevu na kwa woga kidogo, tunaomba usikate utepe leo.

Tunaomba pia meza ile isiondoke pale ilipo. Hatumwombei Pei-yun kwa sababu ni rafiki yetu, ingawa tunampenda, na leo tunalisema mbele yake ainamishe kichwa atakavyo. Tunamwombea kwa sababu bila yeye katikati yetu tutarudi kuwa watu wa kuangalia pakiti.

Ombi la mwisho ni dogo. Lala Chiayi usiku huu. Kesho mchana panda pikipiki nyuma ya mpeleka chakula, ushike mwenyewe kasha la mboga, kwa kuwa kesho ni mosi. Ukifika kwa Bibi Liau, gonga kwa nguvu, sikio lake la kushoto limechoka. Asipofungua haraka usiondoke; simu italia, nawe utasubiri. Akishafungua, rudi ukate utepe, na sisi tutapiga makofi mpaka mikono iume.

Tunakutakia afya na miaka mingi. Na utakapofika uzee, popote utakapoishi, mlango wako usikose mtu wa kuugonga.

Ni sisi,
Watunzi na Wajaribu wa Programu, meza moja,
Tawi la Chiayi.