Veikko Ruonala, Mpima Barafu wa Hylkisaari

Marehemu Veikko Ensio Ruonala alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapa kisiwani Hylkisaari, katika nyumba ya kijivu iliyo nyuma ya kanisa hili, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mvuvi Eino Ruonala na mkewe Lempi. Wasifu huu unasomwa na dada yake Hilkka, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne na ambaye marehemu hakuwahi kumshinda kwa maneno hata siku moja. Picha iliyo kwenye jalada la ratiba mliyoshika itaelezwa mahali pake. Tafadhali msikimbilie ukurasa wa nyuma.

Alisoma shule ya msingi ya kisiwani kuanzia 1956 hadi 1962, kisha shule ya kati ng'ambo, mjini, ambako alilala kwa shangazi yake na wakati wa baridi akarudi nyumbani kila Ijumaa juu ya barafu ya bahari iliyoganda. Akiwa na miaka kumi na mmoja alibadilishana na mtoto wa mwalimu: akatoa skii zake, mbao za kutelezea thelujini, akapewa kamera, tena kamera yenye ufa. Kwa ajili ya biashara hiyo alitembea kilomita nne kwenda shule mpaka Pasaka, theluji ikimfika magotini. Filamu ya kwanza iliporudi kutoka kusafishwa, familia nzima ilikaa mezani kujitafuta. Picha zote kumi na mbili zilikuwa za kibanda cha nyavu kilichoinama na vipande vya barafu vilivyorundikana ufukweni.

"Na sisi tuko wapi?" mama yake aliuliza.

"Nyinyi mtakuwepo hata kesho, mama. Barafu hii itaondoka."

"Mtoto huyu sijui nilimwokota wapi," mama alisema. Lakini alizibandika ukutani zote kumi na mbili.

Februari 1968 baba yao alifariki hospitalini mjini, akaletwa nyumbani kwa sleji, gari la kuburutwa lisilo na magurudumu, kupitia njia ya barafu, watu wakitembea nyuma yake kilomita saba. Veikko aliipiga picha safari ile tangu mwanzo mpaka mwisho. Tangu siku hiyo alisema kwamba na yeye atakuja nyumbani hivyo hivyo, na hakuna aliyembishia, kwa sababu nani angefikiri kwamba barafu ingekosekana?

Mwaka 1970 alijifunza kazi ya picha katika duka moja la mjini Oulu. Mwaka uliofuata alirudi, akaajiriwa na idara ya barabara kuwa mpima barafu wa kisiwa. Kiangazi alipiga picha mabanda ya nyavu yaliyopauka kwa chumvi, mashua zilizooza zikiwa zimefunikwa nyasi, na nyua zilizolala chini baada ya wenyewe kuhamia mjini. Baridi ikiingia alichukua keekee yake, akatoboa barafu kila hatua hamsini, akapima, na palipobeba akachomeka mche wa msonobari. Wenyeji wanajua, lakini kwa ajili ya wageni isemwe: mche ukisimama barafuni maana yake mtu amefika pale, ametoboa, ameridhika. Hapa hatuulizi zaidi ya hapo. Tunafungua mkanda wa gari, tunaacha mlango wazi kidogo ili turuke barafu ikivunjika, tunaendesha.

Tarehe 22 Juni 1974 alifunga ndoa na Kaisu Hannila katika kanisa hili. Walijaliwa mtoto mmoja, Marjut, mwaka 1976. Kaisu alikuja na mdogo wake wa kiume, Sulo, maana huwezi kumchukua mmoja bila mwingine. Sulo alikula kwao, akacheka kwao, akamwita marehemu "shemeji mpiga picha za hewa", kwa kuwa katika picha zake hamkuwa na mtu. Veikko alimpenda. Isemwe hivyo, kwa sababu baadaye watu walisahau kulisema.

Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1981 kulipambazuka na mwanga ambao marehemu alikuwa ameusubiri miaka kumi: anga la waridi, barafu nyeusi isiyo na theluji, hakuna upepo. Alitaka picha ya njia inayoingia baharini na kupotea. Lakini njia ya mwaka huo ilikuwa bado haijapimwa, na mwanga wa Desemba hapa kwetu hausubiri mtu kutoboa mashimo. Basi akapakia miche kwenye kigari chake cha kusukuma kwa mguu, akaichomeka ishirini na miwili kwa mstari mmoja mpaka karibu na mkondo, ambako barafu huchelewa kukaza, akarudi nchi kavu, akapiga picha. Alikusudia kuing'oa kabla ya saa sita. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akaingia ndani kunywa kahawa kwanza.

Sulo alikuwa akienda mjini na kreti za samaki. Siku nyingine zote alikuwa akipita dirishani na kuuliza, "Shemeji, inabeba?" Siku ile hakuuliza. Miche ilikuwa imeshamjibu. Gari lilizama kupita mche wa kumi na tisa, na Sulo alipatikana siku ya tatu. Alikuwa na miaka ishirini na minane.

Marehemu alijipeleka mwenyewe polisi. Alipewa kifungo cha nje cha miezi minne, na alikiona kidogo mno. Aliporudi nyumbani aliweka keekee juu ya meza, akamwambia mkewe kwamba anaacha kazi.

"Huachi," Kaisu alisema.

"Kaisu, watu watanitazamaje?"

"Watakutazama. Na wewe utapima. Kila mwaka, kila shimo, mpaka ufe."

Hilkka alikuwapo jikoni siku hiyo na anashuhudia kwamba hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Kwa miaka arobaini na mitatu iliyofuata Kaisu hakukanyaga tena barafu, na kila asubuhi ya baridi, mumewe akiingia mlangoni, alimuuliza neno moja: "Umepima?" Naye alijibu kwa sentimita. Walilala kitanda kimoja na walimlea mtoto vizuri. Kuhusu Sulo hawakuzungumza.

Tangu wakati huo kila picha ya barafu aliyopiga ilikuwa na tarehe na kipimo nyuma yake. Hakuuza hata moja. Atakayefungua masanduku yake atasoma maisha ya kisiwa hiki kwa namba: 1985, sentimita sitini na moja. 1996, hamsini na mbili. 2008, kumi na nane. Njia ilifunguliwa kwa mara ya mwisho mwaka 2018, kwa siku tisa. Baada ya hapo idara ikaondoa kibao, ikamwambia kazi imekwisha, naye akaendelea kutoboa bila mshahara. Majirani walimwona akisimama ufukweni Januari, mbele ya mawimbi, na kamera yake na keekee yake.

"Unapima nini, mdogo wangu? Maji?" Hilkka alimtania.

"Napima kilichopo," alisema.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Madaktari hawakumficha. Alilazwa mjini mwezi Desemba, na kwa kila mgeni aliulizia habari ya maji, kama yameganda, si habari ya watu. Siku ya mwisho aliyoweza kuzungumza alimwambia mkewe, "Nivusheni juu ya barafu kama baba. Lakini mpime." Kaisu alimjibu, "Tutapima." Alifariki Jumamosi tarehe 11 Januari 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Kesho yake Marjut alifungua masanduku kutafuta picha ya jalada. Chini kabisa, ndani ya bahasha, alikuta ile ya Desemba 1981, ambayo hakuna aliyejua kwamba ilisafishwa. Ndiyo mnayoiona mikononi mwenu. Ni picha nzuri kuliko zote alizopiga, na mtu akiitazama bila kujua angetamani kuitembea njia ile. Nyuma yake, mahali pa kipimo, marehemu aliandika neno moja: *Sikupima.*

Kaisu aliishika kwa muda mrefu. Hakulia. Jumatatu asubuhi alichukua keekee na kwenda barafuni.

Akiwa na miaka sabini na minne alitoboa kila siku kwa majuma manne, akirudi na namba. Tatu. Tano. Tano. Saba. Jeneza, sleji na watu vilihitaji ishirini. Mchungaji Outi alipiga simu kwa upole: "Mama Kaisu, hospitali wanauliza tutamchukua lini."

"Waambie ni kumi na moja sasa. Wangoje."

Usiku wa tarehe 8 Februari ilinyesha mvua, ikaendelea siku mbili, na upepo wa kusini-magharibi ukavunja kilichobaki. Kaisu alikwenda hata hivyo. Alirudi na keekee kavu; hapakuwa na cha kutoboa.

"Wifi," alimwambia Hilkka, "haitakuja. Si mwaka huu tu."

Hivyo leo, Jumamosi tarehe 22 Februari 2025, Veikko Ruonala ameletwa nyumbani kwa kivuko, katikati ya malori mawili, kwa dakika ishirini na tano. Hakuna aliyetembea nyuma yake. Tulitaka kumtimizia na tumeshindwa, na Hilkka haoni sababu ya kulipamba jambo hilo.

Marehemu ameacha mke, Kaisu, binti, Marjut, mjukuu, Elina, dada, Hilkka, na masanduku arobaini na saba ya barafu ambayo hakuna mtoto wa kisiwa hiki atakayeiona.

Wageni wameuliza juu ya mche mmoja wa msonobari uliosimama kichwani pa kaburi. Kaburi liko kando ya la Sulo, na mche ameuchomeka Kaisu leo alfajiri, baada ya kushuka shimoni kwa ngazi na rula ya mumewe mkononi. Alipoulizwa kama basi amemsamehe, alisema hajui. Alisema anachojua ni kwamba amepima. Ni mita moja na sentimita sabini, na chini ni mwamba.

Lala, Veikko. Hapa panabeba.