Aliruka na Wenzake

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu kwa amani. Msiache kazi kwa ajili yangu, shoneni tu. Na mimi niachieni kofia yangu mkononi, maana mkono wangu ukikaa bure ulimi nao unagoma. Wengi mnanijua kwa kofia za viua na kwa maneno mengi. Wachache wenu mnakumbuka kwamba kuna wakati hapa Bagamoyo niliitwa Mama Mwavuli, na watoto walinifuata njiani wakiimba. Leo nitawaeleza kwa nini. Majina sitataja, ya marehemu wala ya walio hai.

Mume wangu alikuwa askari wa miavuli. Nyinyi wasichana msiojua, hao ni askari wanaopandishwa ndege, ikifika juu wanatoka mlangoni mmoja mmoja, na kila mmoja ana kitambaa kikubwa mgongoni kinachofunguka kikamshusha taratibu. Sasa sikilizeni kichekesho. Baba yake alikuwa mkwezi, naye alikuwa anaogopa mnazi! Mji mzima ulimcheka: mnazi unakushinda, utaiweza ndege? Yeye hujibu, "Juu ya mnazi unaiona ardhi inakungoja. Kwenye ndege unaona mashamba na mto kama vimechorwa. Kitu cha kuchorwa kitanitisha nini?" Akija likizo alikuwa akinionyesha namna ya kutua. Anapanda barazani, anaruka, magoti pamoja, anabingirika na kanzu yake nyeupe mpaka kwenye banda la kuku. Mama yake, mkwe wangu tuliyekuwa tukiishi naye, anapiga kelele, "Kanzu hiyo utaifua mwenyewe!" Nilimpenda mwanamume yule, ndugu zangu, wala sioni haya kusema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, wakati wa masika, nami nina mimba yangu ya kwanza. Alasiri moja walikuja askari wawili. Mkwe wangu alikuwa shamba, mimi niko uani nakuna nazi. Yule mkubwa wao alikaa mkekani, akawa anaizungusha kofia yake mikononi. Akasema, "Mama, ndege yetu ya mafunzo imeanguka porini, huko bara." Nikamwuliza kama mume wangu alikuwemo. Akasema, "Aliruka, mama. Asubuhi aliruka na wenzake."

Mnakiona Kiswahili chetu? Ndege huruka, na mtu naye huruka. Yule bwana alitaka kuniambia kwamba mume wangu alipaa na ndege ile. Lakini mimi mke wa mtu wa miavuli, kuruka ninakokujua ni kutoka mlangoni. Nikasikia kwamba ametoka, kitambaa kimefunguka, yuko salama. Nikainua mikono nikasema, "Alhamdulillahi!" Yule bwana akanitazama, akalitazama tumbo langu, akainamisha kichwa. Hakuwa na moyo wa kunirudisha. Mwenzake akasema, "Pole sana, mama," nami nikamjibu, "Nimeshapoa, baba," nikidhani ananipa pole ya mshtuko. Nikawapa madafu wakanywa, wakaenda zao. Mpaka leo siwalaumu, kwa kuwa kumwambia mjamzito neno lile si jambo jepesi.

Kesho yake alikuja mkubwa mwingine, akazungumza na mkwe wangu kwenye baraza, akamweleza yote. Waliokufa walikuwa wamezikwa huko huko kwa namna walivyokutwa, hapakuwa na mwili wa kuletwa mjini. Mkwe wangu akaja chumbani, akanishika magoti, akasema, "Mwanangu, mwenzetu ametutoka."

Nikamwambia, "Najua, mama. Ametoka kwenye ndege. Nimeambiwa jana."

Yarabi! Mwanamke yule aliniachia magoti, akatoka.

Na ubaya wake, tumaini langu lilikuwa na mguu wa kusimamia. Ilijulikana mji mzima kwamba baadhi yao waliruka kabla ndege haijaanguka, wakatua salama. Basi nikajiambia, naye yumo. Amevunjika mguu, ameokotwa na watu wa vijijini, anauguzwa mahali. Wanawake walipokuja kukaa matanga niliwafukuza. Wa kuniambia nikae eda nikamjibu eda ya mume aliye hai imeandikwa wapi. Nikajifunga kanga yangu nyekundu nikatoka kwenda sokoni, watu wakashika midomo. Mkwe wangu akawaambia, "Mwacheni. Hitma nayo itangoja." Nyumba ya msiba, ndugu zangu, lakini haikusomwa kitu wala haikupikwa kitu, na wengine wakaanza kusema yule mama naye ni mama gani.

Siku moja nikasikia sokoni kwamba huko Miono kuna kitambaa kikubwa cheupe kimeonekana kwenye mti. Tumbo hili hapa, nikapanda lori mpaka Msata, na kutoka Msata nikabebwa na watu wa mahindi mpaka Miono. Nikaingia nyumba kwa nyumba nikiuliza, "Hamjamwona mtu aliyeshuka na mwavuli?" Wengine wakanionea huruma, wengine wakaniogopa. Mwishowe mama mmoja mtu mzima, anachanganya Kikwere na Kiswahili, uso ukamng'aa. "Mwavuli? Ngoja, mwanangu!" Akaingia ndani mbio. Wallahi nilidhani atatoka na mume wangu. Akatoka na mwavuli mweusi wa mvua, kijiti chake kimoja kimevunjika. "Aliusahau mtu alipoteremka kwenye basi. Kumbe ni wenu! Nimekutunzia."

Chekeni, chekeni, hata mimi nacheka sasa. Siku ile niliketi chini pale pale kwenye vumbi. Yule mama alipoelewa ninachotafuta, alinishika mkono akaniinua. Alinichemshia mihogo, akanilaza kwake, asubuhi akanisindikiza mpaka njiani, na mwavuli akanipa, maana mvua ilikuwa inanyesha. Kile kitambaa cha mtini kilikuwa shuka la mtu limepeperushwa na upepo. Nikarudi Bagamoyo na mwavuli wangu uliovunjika, na ndipo watoto wakanipa lile jina.

Mwanangu alizaliwa, wa kiume. Mnaijua desturi yetu: mtoto wa kiume akizaliwa baba yake amekwisha kufa, hupewa jina la baba. Siku ya saba ikafika, watu wamekuja, mkwe wangu amemshika mtoto ananitazama nilitaje. Nikakataa. Nikasema mtoto huyu atapewa jina na baba yake mwenyewe akirudi. Watu wakanywa kahawa wakatawanyika. Mtoto akabaki hana jina. Tukawa tunamwita "huyu." Huyu amelala? Huyu ameshiba? Hata nikimbembeleza, namwimbia "huyu wangu, huyu wangu." Nami nawaambia, kumwita mtoto wako hivyo kunachoma, lakini niliona nikilitamka lile jina juu ya kichwa chake nitakuwa nimemzika baba yake kwa ulimi wangu.

Nikaharibika. Chakula hakipiti, maziwa yakapungua. Kila basi la kutoka Dar es Salaam likiingia nimesimama pale linaposhushia watu, nawatazama miguuni, natafuta mtu anayechechemea. Mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi yake mchana kutwa. Dada zangu, mmoja wenu aliyekaa hapa alikuwa akija kumnyonyesha mwanangu pamoja na wake. Anajijua. Nisimtie aibu.

Mkwe wangu aliona atatupoteza wote wawili, mimi na mjukuu. Asubuhi moja akavaa buibui lake, akapanda basi mpaka Kerege, bila kuniaga. Huko alikuwako kijana aliyekuwa katika ndege ile ile, rafiki wa mume wangu, mmoja wa wale walioruka. Alikuwa hajafika kwetu hata kutoa mkono wa pole. Baadaye aliniambia kwamba aliona haya kusimama mbele ya mama wa rafiki yake akiwa mzima na miguu yake miwili. Mkwe wangu alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, mimi sina neno na wewe. Njoo ukamwambie shemejiyo, kwa maana sisi wengine hataki kutusikia."

Akaja naye. Wakanikuta uani. Kijana akavua viatu, akaketi mbele yangu chini kabisa, asipande hata mkekani.

"Shemeji," akasema, "mimi ndiye niliyeruka. Yeye hakuruka."

Nikamwambia, "Mwongo. Niliambiwa aliruka na wenzake."

"Aliruka na ndege, shemeji. Tuligawanywa makundi mawili. Sisi wa kwanza tulitoka. Ndege ikazunguka iwarudishe wa pili palepale, na yeye alikuwa wa pili. Wingu likashuka. Mimi bado nilikuwa hewani naning'inia kwenye kamba zangu nilipoiona inakwenda chini. Nilikuwa nikitazama mlango ule. Hakutoka mtu."

Nikamwuliza, "Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Amekufa, shemeji. Mwenzangu amekufa."

Ndugu zangu, tangu masika yale hadi siku ile hakuna aliyeniambia neno hilo. Niliambiwa ametutoka, ametangulia, hatunaye, Mungu amechukua amana yake. Maneno mazuri, yana heshima. Lakini kila moja lina mlango nyuma, nami nilitokea mlango huo kila mara. Hili la kijana halikuwa na mlango.

Nikamwuliza swali moja tu lililobaki. Walisaliwa? Akasema, "Walisaliwa. Nilisimama safu ya mbele. Kaburi lake nimelishukia mimi, na udongo wa kwanza nimeutia kwa mkono huu." Akaunyoosha. Nikaushika mkono ule, nikauweka usoni, na hapo ndipo nililia. Nililia mpaka majirani wakaja.

Na nikasikia sauti nyingine nyuma yangu, sauti nisiyopata kuisikia. Ni mkwe wangu. Mama yule alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, analia kama mtu aliyepata habari sasa hivi. Mwana wake wa pekee amekufa, naye miezi yote ile hakutoa chozi mbele ya mtu. Nikamwambia, "Mama, kumbe nawe!" Akasema, "Kilio huanza mfiwa, ndipo wengine wakaingia. Nilikuwa nakungoja uanze."

"Na wewe si mfiwa, mama?"

"Mimi ningelianza, wewe ungelibaki peke yako nje. Nimekungoja tuingie wote."

Dada zangu, niliwahi kupendwa na mwanamume, nimewaeleza. Lakini sijapata kupendwa namna ile.

Nilimfungua mtoto mgongoni kwake nikampakata. Nikamwinamia sikioni, nikamwita jina la baba yake. Mara ya kwanza halikutoka vizuri. Mara ya pili likatoka. Mtoto alinikodolea macho kama anayesema, siku zote mlikuwa mnanyamazia nini. Wiki ile ile tukasoma hitma, nyumba ikajaa, na wale niliowafukuza walirudi na sinia zao na sufuria zao, hakuna aliyenikumbusha.

Nawashukuru hao. Namshukuru mama wa Miono aliyenihifadhi bila kunijua. Namshukuru kijana wa Kerege, ambaye mpaka sasa kila Idi huja kumchukua mwanangu kwenda naye kuswali, na mwanangu, aliyeanza darasa la kwanza, humwita baba mdogo. Na mkwe wangu, aliyetangulia. Mnaona? Nami nimeanza. Aliyekufa. Mkwe wangu amekufa mwaka jana, Mungu amrehemu, na mimi ndiye niliyemfumba macho.

Somo langu ni dogo. Ukitumwa kupeleka habari ya kifo, usiipambe. Sema amekufa, kisha usiondoke. Kaa hapo hapo umshike.

Na sasa nina neno na mwenzetu yule aliyekaa karibu na mlango. Leo ndiyo mara yako ya kwanza kuja hapa, na nimewasikia wote wakikuamkia, "Pole, tumesikia mzee hayupo." Hayupo amekwenda wapi? Nisamehe, mwanangu, mimi sitakuambia hivyo. Mumeo amekufa. Sogea hapa karibu yangu, ulie. Kofia zitangoja.